Moshi unafuka, chungu kina maji

Assalaam alaykum Bi Somo,

Nakuandikia usiku, watu wote wamelala. Nina miaka 24, ni mkaza mwana katika nyumba moja huku wilaya ya Micheweni, Pemba. Nina mimba ya miezi saba, ya pili. Wa kwanza ana mwaka na miezi minne. Nilimwachisha ziwa akiwa na miezi 11, nilipojua nimeshika tena, maana mavyaa, mama wa mume wangu, alisema maziwa ya mimba yatambemenda. Tangu hapo mtoto hana raha. Mikono imekuwa vijiti, tumbo liko mbele, nywele zimekuwa nyepesi na zimegeuka rangi. Mavyaa anasema keshabemendwa tayari, nilichelewa kumwachisha.

Mume wangu mvuvi wa dagaa. Yuko dago, kambi ya wavuvi, Unguja tangu Sikukuu ya Mfunguo Tatu. Pesa anatuma kwa simu ya mama yake, kwa kuwa yeye ndiye mshika nyumba. Giza likiwepo wanavua, pesa inakuja. Mwezi ukiwaka hawavui, na huku dukani tayari tuna kurasa mbili za deni kwenye daftari.

Tuko tisa. Nnapika mimi. Nikishaepua, nnapakua sinia la baba mkwe na mashemegi, linakwenda barazani. Kisha sahani ya mavyaa, mawifi na watoto wao. Kwangu unabaki ukoko. Nnautia maji, nnaubandua kwa mwiko, nnakula nimechutama pale pale jikoni na mtoto yuko mapajani, nnamtilia mdomoni zile punje zilizolainika. Mara nyingi mchana ni muhogo na chai ya rangi. Wiki iliyopita siku mbili hapakuwa na kitu kabisa. Nilikoka moto nikabandika chungu cha maji matupu, majirani waone moshi. Mavyaa ndiye aliyeniambia nifanye hivyo. Sikumlaumu, kwetu aibu ya nyumba haitolewi nje.

Kliniki mara ya mwisho walinipima damu, wakasema 8. Wakanipa vidonge vya kuongeza damu. Nikivinywa na njaa nnatapika, na choo kinakuwa cheusi, nikaogopa, nikaviacha. Ninachokitamani mimi ni mchele mbichi na udongo. Mchele nnautafuna kabla haujaingia chunguni, kwa siri kama mwizi.

Nnaogopa mambo mawili. Kwanza, nikijifungua sitakuwa na maziwa. Wifi yangu mmoja alizaa wakati wa dhiki, akaambiwa ziwa limekauka, mtoto akapewa uji ana wiki tatu. Hakutimiza arubaini. La pili, nikisema nje nitakuwa nimeivunjia nyumba sitara yake. Mume wangu mtu mzuri, lakini nikimwambia atafadhaika, na baharini usiku si pahala pa mtu mwenye mawazo. Nifanye nini?

Mkaza mwana, Kaskazini Pemba

*

Wa alaykumu salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama pale pale, kwenye ukoko. Nimefanya kazi ya ukunga miaka mingi kabla ya kukaa hapa kujibu barua za watu, na wanawake wa aina yako nimewapokea wengi: wanakuja kuzaa, viganja vyeupe kama karatasi, ukiwauliza umekula nini leo wanasema "nimekula". Neno hilo limewazika wengi.

Nianze na upawa, kwa sababu upawa uko mkononi mwako. Pesa ziko kwa mavyaa, mume yuko Unguja, lakini anayepakua ni wewe. Kuanzia kesho, chungu kikiepuliwa, kabla sinia halijatoka, chota bakuli mbili. Moja yako, moja ya mtoto. Zifunike kwa kawa uziweke pembeni. Halafu ndiyo upakue ya barazani kama kawaida yako. Chungu cha watu tisa kikipungua upawa tatu, hapana mwanamme atakayelala njaa pale barazani. Kila mmoja atapungukiwa tonge mbili, wala hatajua zimekwenda wapi. Na kama hakuna ila muhogo, basi vipande vyako vitoke mwanzo, visingoje mwisho.

Najua nitasutwa kwa hili. Watasema Somo anawafundisha wakaza wana kula kabla ya wakwe. Mimi nilipofundwa niliambiwa mja mzito akinusa chakula apewe, hata kama ni cha mgeni. Sijui ni lini mila hiyo ilitupotea ikabaki ile ya kumwacha alambe mwiko.

Tena bakuli yako iwatoshe nyote wawili, wewe na aliye tumboni, maana mimba inataka mlo mmoja mdogo wa zaidi kwa siku juu ya ile unayokula siku zote, na ukishazaa unanyonyesha iwe miwili. Huo wa zaidi si lazima uwe pilau. Shelisheli la kuchoma, kiazi kitamu, ndizi mbili, konzi ya karanga.

Sasa damu. Mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Chini ya 7 ni upungufu mkali, hapo madaktari huanza kuzungumza habari ya kutiwa damu. Wewe na 8 yako uko ukingoni. Wakati wa kuzaa kila mwanamke hutokwa na damu. Kiasi ambacho mwenzio mwenye 12 atakivumilia akaamka kesho yake, wewe kinaweza kukuangusha. Kwa hiyo vidonge virudi leo. Choo cheusi ni chuma kilichozidi, kinatoka, si ugonjwa. Kichefuchefu kinapungua ukivinywa usiku wakati wa kulala, tumboni mna japo kipande cha muhogo. Kama umeshavitupa, usione haya, nenda kituoni ukaseme umeviacha, utapewa vingine. Hakuna mkunga ambaye hajawahi kuyasikia hayo.

Na hiyo chai ya rangi uiweke mbali na chakula. Chai inakizuia chuma cha kwenye chakula kisiingie mwilini. Inywe saa moja au mbili baada ya kula, na wakati wa kula kunywa maji uliyokamulia ndimu, kwani ndimu inafanya kinyume cha chai. Mti wa mndimu huku kwetu hauko mbali na nyumba ya mtu.

Tamaa ya mchele mbichi na udongo si shetani wala si ukorofi. Wanawake wengi wa Pemba wanayo wakiwa na mimba, watafiti walishakuja hadi kisiwani wakaiandika, na mara nyingi huandamana na upungufu wa damu. Ila udongo unachafua: unaweza kubeba mayai ya minyoo. Na Pemba na safura wanajuana zamani. Ile maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, moja ya kazi zake kubwa imekuwa ni hiyo minyoo. Minyoo ya safura inapenya kwenye ngozi ya mguu ukitembea peku, kisha inakaa tumboni inanyonya damu ambayo wewe huna. Kliniki ulizia kama umeshapewa dawa ya minyoo, kwa miezi yako saba inaruhusiwa. Na ukienda chooni au shamba, vaa ndara.

Chakula cha kuleta damu hutakikosa chote. Kisamvu, matembele, majani ya mlonge: haya mara nyingi ni ya kuchuma tu. Kombe na chaza za kuokota maji yakitoka zina chuma kuliko samaki wengi, mradi uzipike zikaiva barabara, na wewe kwa tumbo hilo usiende kwenye miamba peke yako, mtume wifi. Dagaa kavu ukizitwanga kinuni na vichwa vyake, kijiko kimoja cha unga ule ukautia kwenye kisamvu, hata aliyeko barazani hatajua ila atasema leo mchuzi mtamu. Kama kuna kuku uani na mayai yanauzwa, mawili kwa wiki yabaki. Ukiambiwa yai linamfanya mtoto azaliwe kipara, sema watoto wote huzaliwa na vichwa vya namna zao.

Huyu mkubwa wako ndiye anayenitia hofu kuliko hata wewe. Mavyaa anaona kitu cha kweli: mtoto ameharibika tangu ulipobeba mimba. Wazee waliliona hilo karne nyingi, wakaliita kubemenda. Wanachokosea ni sababu. Maziwa ya mama mwenye mimba hayageuki sumu. Mtoto huyu alikuwa anapata chakula chake kikubwa kifuani kwako, siku moja kikaondolewa, mahali pake pakaingia punje za ukoko. Inashauriwa mtoto anyonye hadi miaka miwili, na wako alibakiwa na mwaka na zaidi. Sikulaumu, uliambiwa na mtu mzima ukatii.

Fanya hivi sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Mshike mguu, bonyeza upande wa juu wa mguu, si wayoni, kwa kidole gumba, hesabu moja, mbili, tatu, achia. Kisha na mguu wa pili. Ikiwa miguu yote inabaki na kishimo, usingoje siku ya kliniki, mpeleke leo. Hata pasipokuwa na kishimo, wiki hii apimwe mkono kwa ule utepe wa rangi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, huo ni utapiamlo mkali. Kati ya hapo na 12.5 ni njano. Akiwa kwenye nyekundu atapewa chakula dawa, kile cha pakiti kinachofanana na siagi ya karanga. Hicho ni dawa yake yeye. Usikigawe kwa watoto wa mawifi, japo watakutazama na utaona vibaya.

Nyumbani ale mara nne au tano, kidogo kidogo. Uji wake uwe mzito, ukiinua kijiko usitiririke. Utie tui la nazi au karanga zilizotwangwa, na ule unga wa dagaa. Uji mwepesi unamjaza tumbo tu, mwilini hauachi kitu.

Maziwa, je? Hapa nakupa habari njema. Ziwa halikauki kwa sababu mama ana njaa siku mbili tatu. Ziwa linaitikia mdomo wa mtoto: akinyonya sana linatengeneza sana, akinyonya kidogo linapunguza. Mama mwenye lishe duni anaendelea kutoa maziwa ya kumtosha mtoto, ila mwili wake mwenyewe ndio unaolipa, na ndiyo maana nakusisitizia milo miwili ya zaidi. Yule mtoto aliyepewa uji ana wiki tatu hakupewa kwa ubaya. Lakini uji ule unalijaza tumbo dogo, mtoto ananyonya kidogo, ziwa linapunguza, watu wanasema mnaona, limekauka. Juu yake maji ya uji yanaleta kuharisha. Wifi yako kama yuko karibu nawe, usimsomee sehemu hii. Mambo yalishapita, na hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo ukishazaa, mtoto awekwe kifuani ndani ya saa ya kwanza. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya manjano, usiyakamue ukayamwaga. Ni machache kwa sababu tumbo lake nalo ni dogo. Asipewe maji ya sukari, asali wala uji hadi atimize miezi sita. Akilia, mnyonyeshe. Akilia tena, mnyonyeshe tena. Mila ya kumpa mzazi uji wa pilipili manga na supu msiiache, ile inakujenga wewe. Lakini inywe wewe, si yeye.

Sasa mume. Unasema hutaki kumfadhaisha. Mwanangu, yeye analala akijua ametuma pesa na mkewe anakula. Unamficha jambo ambalo ni wajibu wake kulijua. Suratul Baqara aya ya 233 inataja mama anayenyonyesha miaka miwili kamili, na hapo hapo inamwekea baba chakula chao na mavazi yao kwa wema. Mpigie mchana, ameshalala usingizi wake, asiwe anajiandaa kwenda kuvua. Usianze na mama yake. Anza na namba: "Nimepimwa damu, ni 8, inatakiwa 11. Mtoto amekonda, nampeleka kupimwa. Nataka katika kila unachotuma, fungu dogo lije kwangu la chakula changu na cha mtoto, na lililobaki liende kwa mama kama kawaida." Hapo hujamsengenya mtu. Kama huna simu, nenda kwa unayemwamini utumie yake, mradi laini iwe yako.

Na fungu hilo litumie giza likiwepo. Pesa ya dagaa ndivyo ilivyo, nusu mwezi ipo, nusu mwezi haipo, mwezi haumsubiri mjamzito. Siku pesa ikiingia nunua vikavu: pishi ya mbaazi au choroko, dagaa, karanga. Vibichi vitafuata, lakini mbaazi kavu zitakuvusha mbalamwezi.

Mavyaa wako simchukii. Mwanamke anayemfundisha mkaza mwana kubandika maji matupu hakujifunzia kwako; naye alishabandika. Huenda hata sahani yake anaila nusu. Usimkabili peke yako. Muombe mhudumu wa afya ya jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba na simu yake kuandika wajawazito na watoto, aje kuzungumza yeye akiwepo. Neno la kituo cha afya mkwe halioni kama ni jeuri ya mkaza mwana. Hilo la kuchota bakuli mwanzo, bora atamke mhudumu, wewe utii tu.

Hapa pana lile la sitara, ambalo nadhani ndilo lililokuzuia zaidi ya yote. Sote tulisimuliwa udogoni kisa cha Sayyidna Umar alivyopita usiku akamkuta mama amebandika chungu cha mawe na maji, watoto wanalia, anawabembeleza walale wakidhani chakula kinaiva. Umar hakumuuliza kwa nini umetoa siri ya nyumba. Alirudi ghalani, akajitwika gunia la unga mgongoni mwake, akakoka moto mwenyewe huku moshi unampita kwenye ndevu. Sitara ni kutotangaza mambo ya nyumba sokoni. Kumwambia sheha, kwa sauti ya chini, kuwa nyumba yenye mjamzito na mtoto mdogo imelala bila kula siku mbili, hakuhesabiki kama kutangaza. Yeye ndiye anayejua nani yuko kwenye orodha ya walengwa wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na utaratibu gani wa kuingia. Nikwambie ukweli, orodha hiyo haifunguliwi kila siku, usiitegemee kwa chakula cha kesho. Ya karibu zaidi ni zaka: imamu wa msikiti wenu, au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ambayo hukusanya zaka na kuzigawa. Baba mkwe ndiye mwenye kwenda huko, na akishasikia neno la mhudumu ataona sababu. Jirani mwenye mshelisheli naye muombe, mti ule ukizaa unazaa wa kumwagika.

La kuzaa usilichukulie wepesi. Kwa damu yako usizalie nyumbani, hata kama mkunga wa mtaani ni hodari. Waulize kituoni mapema wanakuelekeza spitali gani, na gari iwe imeshapatanwa, si kutafutwa saa nane ya usiku. Na kabla ya hapo, ukivuja damu, ukivimba uso na mikono, kichwa kikikuuma sana ukaona kiwingu, moyo ukikuenda mbio umekaa tu, au mtoto akiacha kucheza, usipike, usiage watu, nenda.

Nimesahau chumvi. Huku kwetu tunavuna chumvi wenyewe na nyingi inauzwa kwa kibaba bila kutiwa madini joto. Mtoto aliye tumboni anayahitaji kwa ubongo wake. Dukani tafuta ya pakiti iliyoandikwa imetiwa madini joto, bei haipishani sana, iweke kwenye chombo chenye mfuniko, na itie chunguni mwishoni, chakula kikiwa karibu kuepuliwa.